Pampu ya shimo la maji: plastiki au chuma?

Wakuu, naishi Mikocheni, karibu na bahari. Masika ikianza, maji yanachimbuka chini ya stoo ya mama. Pampu ya chuma ya kuyavuta, niliyonunua Kariakoo, imeliwa na kutu kwa misimu miwili tu. Bolti zinamomonyoka ukizigusa. Sasa ninunue ya plastiki?

— Pole dada. Chuma cha kumimina hupooza mota vizuri, lakini chumvi inakimaliza. Maji yako yanatoa povu la sabuni?

— Hayatoi kabisa, kaka.

— Basi huenda yana chumvi nyingi. Tafuta ya stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi, ya daraja la 316. Ya 304 haihimili chumvi vile.

— Plastiki haishiki kutu, ila mota ikikimbia mfululizo joto halitoki upesi. Kagua na bolti zake.

— Asanteni. Nataka mama asihamishe tena magunia ya mchele usiku.