Nimelipia vyumba karibu na geti la Ruaha, nimefika na watoto usiku naambiwa "wameingia wageni"

Wakuu, nimerudi Dodoma jana na hasira bado hazijashuka.

Niliwaahidi wanangu watatu kwamba likizo ya mwezi wa saba wataona Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kiangazi kule ni kama huku kwetu, mibuyu haina jani na vumbi linaingia mpaka kwenye meno, ila wanyama wote wanasogea mtoni na tembo wanachimba mchanga kutafuta maji. Nilijua msimu huo vyumba vinagombaniwa, nikaanza kutafuta tangu mwezi wa tano.

Kambi za kitalii mle ndani nilizouliza zinataka mamia ya dola kwa kichwa kwa usiku mmoja. Mimi Mtanzania, nauliza kwa Kiswahili, najibiwa kwa dola, wakati tangu 2025 kuna kanuni zinazokataza kutaja bei za humu nchini kwa fedha za kigeni! Mabanda ya hifadhi pale Msembe ndiyo ya mfuko wangu, lakini ni machache na tarehe zangu zilishachukuliwa.

Nikaangukia nyumba moja ya wageni nje ya geti, jina nalihifadhi. Vyumba viwili, siku mbili, elfu 80 kila chumba. Nikatuma nusu kwa simu, meseji ya muamala ninayo mpaka sasa. Siku moja kabla ya safari nikapiga tena. "Njoo tu kaka, vyumba vyako vipo."

Dodoma hadi Iringa kwa njia ya Mtera ni kama kilomita 260, halafu kuna zaidi ya 100 nyingine kuelekea hifadhini. Tumefika saa moja na nusu usiku, mdogo amelala begani kwa mama yake. Dada wa mapokezi akafungua daftari. Jina langu lipo, nimeliona kwa macho yangu, limepigwa mstari kwa kalamu nyekundu. Juu yake limeandikwa jina la kampuni ya watalii.

"Samahani baba, wameingia wageni."

Binti yangu mkubwa akaniuliza pale pale, "Baba, kwani sisi siyo wageni?" Nilikosa la kumjibu.

Nikaomba meneja aje. Akaja, hata kutusalimia hakutusalimia: "Mzee, si unaelewa, wale wamelipa dola, na wanalala siku nne." Nikamwonyesha meseji. Akasema pesa itarudishwa.

Usiku huwezi kuingia hifadhini, kwa hiyo tukaanza kurudi nyuma, nyumba kwa nyumba. Tulipata chumba kimoja Idodi saa nne kasoro: kitanda cha futi nne, neti imetoboka, watu watano. Mimi na mwanangu wa kiume tulilala chini kwenye mkeka. Yule mama mwenye nyumba Mungu ambariki, alituchemshia maji ya kuoga bila kuombwa.

Leo siku ya sita, pesa haijarudi na simu yangu haipokelewi.

Nataka kujua mambo mawili. Nani amewahi kudai pesa ya namna hii akalipwa, na alianzia wapi, polisi au ofisi ya biashara ya wilaya? Pili, mwenye kujua nyumba upande ule inayomwandikia mtu risiti ya chumba kwa shilingi na kuiheshimu, aitaje hapa. Mwezi wa tisa nawarudisha watoto, kabla mvua hazijaanza.