Naomba ushauri: usafiri wa umma kwa wenye ulemavu, tuanzie wapi?

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu anatumia kiti mwendo na mabasi ya siku hizi sio shida sana, yanashusha rampu vizuri tu, shida ni vituo, ukingo uko chini mno kwa hiyo rampu inakaa wima kama ngazi, na dereva akisimama mbali na ukingo ndo basi tena. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12, yaani kupanda sentimita 10 kunataka rampu ya sentimita 120. Hapo sijagusa lifti za stesheni, ikifa hakuna tangazo, unajua ukishafika. Na asiyeona, basi halitangazi vituo kwa sauti, anashukaje jamani?

Sasa tunataka kuiandikia mamlaka ya usafiri, tutaje na kifungu cha 9 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 wa haki za watu wenye ulemavu, maana usafiri umetajwa kabisa. Wenye uzoefu, tukomalie kipi kwanza, vituo au mafunzo ya madereva? Picha na vipimo vinatosha au wanataka sahihi za watu wengi?