Kuwalipa Waviking: Æthelred alikosea, au amebebeshwa lawama zisizo zake?

Mleta mada

Wakuu, ukitajwa uvamizi wa Waviking, wale wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia, nchini Uingereza, Alfred, mfalme wa Wessex wa karne ya tisa, husifiwa, na Æthelred, mfalme wa Uingereza miaka mia moja hivi baadaye, huzomewa. Sababu ni ileile siku zote: Alfred alipigana, Æthelred alilipa. Mimi naona hukumu hii imetolewa huku upande mmoja haujasikilizwa, ndiyo maana naileta hapa.

Kwa ambao hawajaifuatilia habari hii: Æthelred alitawazwa akiwa mtoto, baada ya kaka yake wa baba mmoja, Mfalme Edward, kuuawa pale Corfe mwezi Machi 978. Damu hiyo ilimwandama maisha yake yote ingawa yeye mwenyewe hakuimwaga. Miaka miwili baadaye Waviking wakaipora Southampton. Agosti 991 liwali wa Essex, Byrhtnoth, akafa vitani Maldon, na mwaka huohuo, kwa ushauri wa Askofu Mkuu Sigeric, wavamizi wakalipwa pauni 10,000 za fedha. Mwaka 994 wakalipwa 16,000. Mwaka 1002, 24,000. Mwaka 1007, 36,000. Mwaka 1012, 48,000. Ukizisoma kwa kufuatana hivyo zinatia aibu kweli.

Lakini Alfred naye hakuwa mgeni wa mambo haya. Mwaka 871 watu wa Wessex, ufalme wake wa kusini, walipigana na Wadenmark mara kadhaa, na baada ya kushindwa Wilton "wakafanya amani". Jeshi la wapagani halikuondoka kwa sababu ya maneno matamu. Wanahistoria wengi wanaamini fedha ilitoka. Ng'ambo ya bahari, mwaka 845, Charles the Bald, mfalme wa Wafaranki, alitoa pauni 7,000 ili Waviking waondoke Paris. Wafalme walilipa. Cha kuuliza ni kila mmoja alinunua nini.

Tazameni mwaka 994. Olaf Tryggvason wa Norwei na Svein, mfalme wa Denmark, waliivamia London wakashindwa kuiteka, wakageukia kuchoma pwani. Æthelred akalipa, akamwalika Olaf Andover, akamsimamia katika kipaimara chake. Olaf akaahidi hatarudi tena kwa vita, na kweli hakurudi. Alikwenda Norwei akawa mfalme, akawa mwiba kwa Svein mpaka alipouawa katika vita vya baharini takriban mwaka 1000. Kwa hiyo pauni 16,000 zilimwondoa adui mmoja na kumtafutia yule wa pili shughuli nyumbani kwake. Angefanya hivyo mfalme mnayempenda, mngesema ni akili.

Na malipo ya 1007 yalinunua miaka miwili, ambayo haikulaliwa. Mwaka 1008 mfalme aliamuru nchi nzima ijenge meli, kila wilaya kwa kadiri ya ardhi yake. Mwaka 1009 zikakusanyika Sandwich, nyingi kuliko zilizowahi kuonekana chini ya mfalme yeyote wa kabla yake. Halafu? Brihtric, ndugu wa Eadric Streona, liwali wa mfalme, akamshtaki mkuu mmoja aitwaye Wulfnoth mbele ya mfalme. Wulfnoth akatoroka na meli 20, akawa haramia. Brihtric akamfuata na meli 80, dhoruba ikazipasua na kuzitupa pwani, Wulfnoth akaja akazichoma. Meli 100 zimekwenda, na Mdenmark hata mmoja hajaonekana! Agosti hiyohiyo ndipo Thorkell, kiongozi wa Waviking, alipotia nanga Sandwich.

Kwa hiyo kosa la Æthelred nalitafuta barazani kwake, kwa watu aliowapa vyeo. Hazina mimi siilaumu. Naomba kuwasilisha.

Kalamu Nyeusi

Mleta mada umejieleza vizuri, ila umeipita hesabu haraka mno. Pauni moja ilikuwa peni 240. Malipo ya 1007 peke yake ni peni 8,640,000. Peni za Æthelred zimefukuliwa kwa makumi ya maelfu Skandinavia, nyingi mno kisiwani Gotland. Si zote za tozo, nyingine ni za biashara, lakini fedha ya Uingereza ilikuwa inajulikana huko.

Na lipo jiwe la Yttergärde, mkoani Uppland, Uswidi, lenye maandishi ya runi, herufi za kale za Skandinavia. Ni kumbukumbu ya mtu aitwaye Ulf. Linasema Ulf alichukua malipo ya Uingereza mara tatu: ya kwanza alitoa kiongozi wake Tosti, kisha Thorkell, kisha Knut, mwana wa Svein. Basi. Katika maisha yote ya mzee yule, hilo ndilo familia iliona linafaa kuchongwa. Kijana wa jirani akilisoma, kiangazi kijacho atakaa nyumbani? Unasema malipo yalinunua muda. Mimi nasema yaliajiri jeshi la pili huku la kwanza likiwa halijafika kwao.

Mpenda Tarehe

Mnamsoma Æthelred kwa macho ya mtu mmoja. Habari hizi karibu zote zinatoka kwenye kumbukumbu za mwaka kwa mwaka, na sehemu ya utawala wake ilitungwa na mwandishi mmoja baada ya yote kwisha, Knut akiwa tayari mfalme. Anajua mwisho wa hadithi tangu mstari wa kwanza. Kila liwali anayeyumba mwaka 992 anaandikwa kana kwamba tayari amekwisha kuiuza nchi mwaka 1016, Knut alipoitwaa. Kumbukumbu za Alfred, kinyume chake, ziliandikwa wakati Alfred yuko hai na karibu na baraza lake. Nani angemsema vibaya hapo? Tusilinganishe wafalme wawili kabla ya kulinganisha waandishi wao.

Mama Oxford

Nasoma tangu juu, hakuna aliyegusa tarehe 13 Novemba 1002. Siku ya Mtakatifu Brice, Æthelred aliamuru Wadenmark waliokuwa Uingereza wauawe. Mwaka huohuo alikuwa amelipa 24,000, jamani. Umelipa ili upate amani, halafu unachinja?

Na si suala la uvumi wa maadui zake. Iko hati yake mwenyewe ya mwaka 1004, ya kulirudishia kanisa la Mtakatifu Frideswide, Oxford, haki zake. Ndani yake anaeleza kwa nini kanisa liliungua: Wadenmark waliokuwa wameota kama magugu katikati ya ngano walikimbilia humo, wenyeji wakashindwa kuwatoa, wakalichoma. Hakuna neno la kujutia, ila kwa jengo. Mwaka 2008 mjini humo yalifukuliwa mabaki ya wanaume zaidi ya 30, wengi vijana, wenye majeraha ya silaha na wengine dalili za moto. Wataalamu bado wanabishana kama ndio wale wa 1002, ila vipimo vya vinasaba vimeonyesha mmoja wao ana undugu wa karibu na mtu aliyezikwa Denmark.

Svein alirudi 1003 akaichoma Wilton, 1004 akaichoma Norwich. Zipo simulizi za baadaye kwamba alikuwa akilipiza damu ya dada yake, hizo sizitegemei. Lakini Wadenmark waliokuwa wamehamia, wanaolima na kuoa, walijifunza siku ile kwamba mfalme wao anaweza kuwaamkia na panga. Svein alipokuja 1013 alitia nanga Gainsborough, akapokelewa kaskazini na katika eneo lote lenye watu wa asili ya Kidenmark bila vita ya maana. Mnagombania pauni, na ufalme uliponyoka hapo.

Mleta mada

Mama Oxford, hapo sina utetezi, na wala sikuja kumtetea kwa kila jambo. Naongeza tu kwamba hilo linaimarisha hoja yangu: kilichomwangusha ni jinsi alivyowatendea watu walio chini yake. Mwaka 1006 liwali wa Northumbria aliuawa na wanawe wakatobolewa macho, huku yule Ælfric wa Hampshire, aliyewaonya maadui mwaka 992, akiachiwa cheo. Mwaka 1003 Ælfric huyohuyo alipelekwa na jeshi kumkabili Svein, akajifanya mgonjwa, akaanza kujitapisha mbele ya askari! Wakuu wa nchi walipomwita Æthelred arudi mwaka 1014 kutoka Normandy, alikokimbilia Svein alipotwaa ufalme, hawakumwambia "usilipe tena". Walimpa sharti kwamba atawale kwa haki kuliko alivyotawala kwanza.

Kalamu Nyeusi, jiwe lako ni zuri, lakini soma majina tena. Malipo ya Knut yanaeleweka kuwa ya 1018, pauni 72,000 na nyingine 10,500 kutoka London. Wakati huo Knut ndiye mfalme wa Uingereza! Ni mshindi analipa askari wake kwa fedha ya aliowashinda. Hayo utamtwika Æthelred vipi? Na Thorkell, baada ya malipo ya 1012, alibaki na meli 45 akamtumikia Æthelred. Mwaka 1013 walikuwa pamoja ndani ya London wakati Svein aliposhindwa kuiingia.

Kalamu Nyeusi

Thorkell ambaye watu wake, wiki chache kabla, walimpiga Askofu Mkuu Ælfheah kwa mifupa na vichwa vya ng'ombe mpaka akafa, pale Greenwich? Huyo ndiye mlinzi mliyemnunua? Haya.

Jembe Halimtupi

Mimi nauliza la mkulima. Kuanzia 1012 ilianzishwa kodi ya kila mwaka ya kulipia meli hizo za Thorkell, na ilidumu mpaka 1051, ilipofutwa na Edward, mwana wa Æthelred mwenyewe. Karibu miaka 40, chini ya wafalme wa koo mbili, na mtoza kodi ni yuleyule mlangoni.

Ila wanaomsifu Alfred wasijione wamepona. Zile ngome zake za kuwazuia Waviking, kama 30 hivi, orodha iliyoandikwa baada yake inazipangia watu wapatao 27,000, wanne kwa kila mita tano za ukuta. Asser, askofu aliyeandika maisha ya Alfred, aliyeishi naye na kumpenda, anaandika kwamba watu waliburuta miguu kuzijenga, nyingine zikachelewa mpaka adui akafika. Alfred alichukua mikono ya wakulima, Æthelred akachukua peni zao. Tofauti ninayoiona ni kwamba ukuta ulibaki Wareham na Wallingford, na peni zikaenda Gotland. Mleta mada, hili bado hujalijibu.