Lancing ina watu karibu 19,000, bado ni kijiji?

Mpwani_Sussex: Wadau, mimi nakaa Lancing huku Sussex Magharibi, Uingereza, kati ya Worthing na Shoreham. Sensa ya 2011 ilihesabu watu 18,810 na wenyeji wamekomaa ni kijiji. Halafu kuna mradi wa nyumba 600 eneo la New Monks Farm. Kaskazini vilima vya Downs ni hifadhi, kusini bahari, mashariki mto Adur. Waendelee kujenga au basi?

Kidume wa Tandika: Kijiji chenye stesheni ya treni na uwanja wa ndege? Nyie wabeba boksi bana, mmepanga chumba kimoja halafu mnakuja kututambia "kijijini kwetu".

Mpwani_Sussex: Boksi limeingiaje hapa?? Mimi dereva wa basi. Halafu uwanja wa ndege unaitwa wa Shoreham, usichanganye mambo.

Bi Mwanakombo: Jina la Shoreham ila ardhi ya Lancing, angalia ramani mwanangu. Na kijiji si kuhesabu vichwa, pale pana baraza la parishi, yaani serikali ndogo ya kijiji, hawana meya wa mji, basi ni kijiji.

Fundi Reli: Mnasahau historia. Palikuwa pa wakulima, reli ikafika 1845, halafu ikaja karakana ya mabehewa 1911 au 12 hivi mpaka 1965. Hiyo ndiyo iliyojaza watu.

Mpwani_Sussex: Ilijaza nini wakati mafundi wengi waligoma kuhama Brighton, wakawa wanaletwa na treni yao kila asubuhi na kurudishwa jioni? Waliojaza ni wastaafu na vibangaloo vyao.

Fundi Reli: Kumbe unajua, sasa ulikuja kuuliza nini?

Jirani wa Mto: Jamani hilo bwawa la Widewater pale ufukweni ni mkondo wa zamani wa Adur, mto ulikuwa unapita hapo kabla kokoto za bahari hazijausogeza. Na New Monks ni bonde lilelile, maji yakitaka njia yao hayaulizi kibali.

Kidume wa Tandika: Dereva wa basi, au dereva wa toroli ya maboksi? 😂

Mpwani_Sussex: Hilo toroli limeezeka bati kwa mama. Wewe kwenu mvua ikinyesha mnalala wapi?

Bi Mwanakombo: Haya, mmeanza. Mimi nimesema baraza la parishi, hakuna hata mmoja aliyenijibu.

Kidume wa Tandika: Shikamoo bibi. Parishi si kanisa hiyo?