Miezi minne na nusu, anakodolea sahani zetu macho: nianze uji au nisubiri?

Mama Nasra, Segerea
Wamama habari zenu. Binti yangu ni wa kwanza, ana miezi minne na nusu, ananyonya tu, hata maji hajaonja. Likizo ya siku 84 iliisha zamani, nimesharudi kazini, mchana anakunywa niliyokamua. Anabaki na mama mkwe, na hapo ndipo shughuli ilipo. Tukikaa kula, mtoto analifuata tonge kwa macho kutoka kwenye sahani mpaka mdomoni kwa baba yake, mate yanachuruzika, anatafuna ngumi. Mama anasema mnamtesa mtoto, anatamani. Usiku anaamka kila mara, basi imeshakuwa "maziwa yako mepesi". Juzi kanunua unga wa lishe wa kupima sokoni: mahindi, ulezi, soya, karanga, mchele, sijui na nini tena. Anasema mume wangu alianza uji na miezi mitatu na leo ndo huyo, jitu zima. Kliniki waliniambia miezi sita, ila foleni ilikuwa mpaka nje, nesi hakuwa na muda wa kunieleza. Nitajuaje kama yuko tayari? Na namwambiaje mama nisionekane nina kiburi?

Mbagala Kuu
Shoga mpe uji mwepesi alale. Sisi wote tumekuzwa hivyo na tupo.

Bibi wa Tandika
Wewe wa Mbagala, waliokuzwa hivyo wakaharisha wakazikwa hawana simu za kuandikia humu. Tuendelee.

Mama Nasra mwanangu, nimepima watoto kliniki mpaka nikastaafu. Mate na ngumi si njaa. Umri huo kila kitu kinakwenda mdomoni, hata pindo la kanga yako. Na kukodoa macho, mshikie rimoti mbele yake uone kama haitamani vilevile.

Fanya hivi. Mkalishe pajani, umshike kiunoni tu. Shingo imekaza, kichwa hakiyumbi, mgongo umesimama? Halafu weka kitu mbele yake: anakiona, anakishika, anakipeleka mwenyewe mdomoni bila kupapasa shavu? La mwisho ni ulimi, na hili ndilo linalowachanganya wengi. Mtoto mchanga akiwekewa kijiko, ulimi unasukuma nje. Kaumbwa hivyo asipaliwe. Unampa uji, wote unarudi kidevuni, unaukomba, unaurudisha, unatoka tena. Bibi mtu atasema haujakolea, leteni sukari. Hata ukiutia asali utatoka (na asali asiguse kabisa mpaka atimize mwaka, ina vijidudu vinavyoweza kumlegeza mwili mzima). Siku ulimi ukianza kuuvuta uji ndani na akameza, hapo tunazungumza.

Dalili hizo zikikutana zote, mara nyingi ni karibu na miezi sita. Na hapo ndipo akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inapopungua, kwa hiyo usipitilize pia. Wapo wanaojisifu mtoto ana miezi minane na titi tu. Fungua kiganja chake, cheupe, damu imepungua.

Kuhusu maziwa mepesi: hesabu nepi. Akilowesha sita au zaidi kwa siku na mstari kwenye kadi unapanda, maziwa yanatosha. Kuamka usiku umri huo ni kawaida, na uji mwepesi hauleti usingizi, ni maji yanayojaza tumbo maziwa yakakosa nafasi. Maji ya kunywa vilevile bado, hata kwa joto hili la Dar. Maziwa yako zaidi ya asilimia 80 ni maji.

Mama mkwe usibishane naye, hasa mbele ya mwanawe. Siku ya kupima nenda naye, mwambie "mama nisindikize", amwulize nesi mwenyewe. Na mpe kazi: huo unga wa kupima karanga zake huzijui zilikaa wapi, zikiota ukungu zina sumu ambayo moto wa jikoni hauimalizi. Anunue karanga nzima, azichambue, zilizosinyaa na zenye weusi atupe, msagishe kidogo kidogo. Siku ya matone ya vitamini A, miezi sita, aanze yeye kumlisha: vijiko viwili vitatu, mara mbili kwa siku, uji mzito unaokaa kwenye kijiko. Baada ya hapo msikae kwenye uji tu. Yai lililoiva vizuri, maini yaliyopondwa, dagaa waliosagwa, boga, mchicha. Titi liendelee mpaka miaka miwili.

Baba Pacha
Niongeze kwa waliozaa kabla ya wakati kama sisi: msihesabu kwa kalenda ya jirani. Wetu daktari alituambia tuangalie na wiki walizowahi kutoka.

Mama Nasra, Segerea
Asante sana bibi. Nimemkalisha pajani: shingo safi, ila mgongo unakwenda upande kama gunia la mkaa. Mama kacheka mwenyewe, kakubali kunisindikiza kliniki. Unga tumewapikia wakubwa. Swali moja: maziwa ninayoacha asubuhi, friji yetu umeme ukikatika inakuwaje?

Bibi wa Tandika
Kwenye friji yenye umeme yanakaa mpaka siku nne, weka ndani kabisa, si mlangoni. Nje, kwa joto la hapa, usifikishe muda wa masaa manne, mimi hata matatu siyaamini. Umeme ukikatika msifungue fungue mlango. Yagawe kwenye vikombe vidogo vyenye mfuniko, kimoja kwa mlo mmoja, anyweshwe kwa kikombe, na yatakayobaki baada ya kuyagusa mdomo mwambie mama ayamwage. Atasikitika, lakini ayamwage.