Mnaouza Sunkissed bila kupima stageza, mnauza ulemavu mkijua

Wakuu, nimekasirika na leo sipaki mtu mafuta. Anayefuga nyoka wa mahindi (corn snake) hapa Marekani na ana wa rangi ya Sunkissed, au mchanganyiko wowote wenye damu hiyo, asome mpaka mwisho. Wanaokuja kuandika "nyoka dawa yake rungu" wapite, uzi huu hauwahusu.

Nilinunua kinyoka cha Sunkissed kwenye maonyesho ya reptilia hapa Ohio. Rangi safi mno, chungwa lililokolea, na ule weusi wa kingo za madoa umefifia. Nilimuuliza muuzaji mbele ya watu kama wazazi wamepimwa stageza (stargazer), ule ugonjwa wa kurithi unaomfanya nyoka apoteze mizani. Akanijibu bila kupepesa macho kwamba wote wawili wamepimwa na ni safi. Nikalipa.

Sasa muone nilichopewa. Akiwa amejikunja ametulia, utasema mzima. Mguse, au mwekee kipanya, kichwa kinapinda kuangalia juu, shingo inajisokota, na mara amelala tumbo juu asijue ageukie wapi. Mwili wake haumwambii juu ni wapi na chini ni wapi. Kula anakula, lakini kabla ya kukipata kipanya anauma hewa mara kadhaa. Inauma sana kumwangalia.

Nilipomtumia muuzaji video, jibu la kwanza likawa kwamba mimi ndiye nimemuunguza. Ni kweli joto kali au dawa ya wadudu vinaweza kumharibu nyoka mishipa ya fahamu, na kwa sababu hiyo nilimpeleka kwa daktari wa wanyama kabla ya kumlaumu mtu. Upande wa joto wa boksi lake uko kwenye nyuzi 29 za Selsiasi, thamostati inafanya kazi, dawa ya wadudu haijapulizwa humu ndani. Daktari hakuona jeraha wala maambukizi. Jibu la pili likawa eti atapona akikua. Stageza haina tiba, na mtu anayezalisha Sunkissed analijua hilo kuliko mimi. Nikamwomba anionyeshe hayo matokeo ya vipimo vya wazazi. Kimya.

Halafu likaja jibu la tatu, lililonifanya nifungue uzi huu. Eti nimrudishe, anipe mwingine wa uzao uleule!

Stageza ni jeni fiche. Nyoka haugui mpaka aipate kwa baba na kwa mama. Kwa hiyo kama wangu anaumwa, wazazi wake wote wawili wanayo. Wazazi wabebaji wakizaa, kwa wastani robo ya watoto wanaumwa, nusu wanaibeba bila dalili yoyote, robo iliyobaki ndiyo safi. Ukiwatoa wagonjwa, kila kinyoka kinachoonekana kizima pale mezani kwake kina uwezekano wa mbili ya tatu kuwa mbebaji. Na anataka kunikabidhi mmoja wao, nikamzalishe na wangu wengine, nikauzie watu. Wengine ameshawauza siku ileile. Nyoka wa mahindi hutaga mayai kumi mpaka thelathini kwa mkupuo na hufugwa miaka 15 hadi 20. Pigeni hesabu wenyewe uzao mmoja wa namna hiyo unafika wapi.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba hakuna anayelazimika kufanya hivi. Kwa wale chatu wadogo wa Afrika Magharibi wa rangi ya Spider, rangi na kutikisika kichwa vinakuja pamoja, huwezi kuvitenganisha, na mabishano yao ni kama wazalishwe kabisa au wasizalishwe. Sunkissed si hivyo. Rangi ni jeni moja, ugonjwa ni jeni nyingine, basi tu ulikutwa ndani ya ukoo huohuo uliotoka kwenye damu ya Okeetee, nyoka wa mahindi wa Carolina Kusini. Unaweza kuwa na Sunkissed mzuri kupindukia asiye na chembe ya stageza. Wafugaji waungwana walianza zamani kumpandisha nyoka wao na mbebaji anayejulikana ili waone watoto watatokaje, ingawa walipoteza msimu mzima kwa kazi hiyo. Leo hata gamba alilojivua nyoka linatumwa maabara kupimwa jeni. Gamba! Kitu ambacho wengi tunatupa kwenye taka.

Kwa hiyo mfanyabiashara anayesema "laini yangu ni safi" bila karatasi wala rekodi ya kupandisha, mimi simwiti mfugaji. Na msiniambie nyoka hana maumivu kwa sababu halii. Nimemwona akihangaika kujigeuza.

Wangu nitakaa naye, hatazalishwa, na hatarudi kwa yule bwana, maana najua atakachomfanyia. Pesa yangu naidai bado.

Ninachotaka kwenu ni hiki: kama ulinunua Sunkissed kwenye maonyesho ya Ohio msimu huu kwa mtu aliyekwambia wazazi wamepimwa, usimpandishe na yeyote kwanza. Nitumie ujumbe wa faragha na picha ya karatasi ya ukoo, tulinganishe wazazi.