Barua ni "ya siri kwa mlengwa tu", halafu aliyenisomea mshahara wangu ni dogo wa steshenari

Wakuu habari za jioni, huu uzi utakuwa mrefu kidogo mnivumilie, nina hasira toka juzi.

Mimi ni kipofu. Sioni kabisa, siyo zile za naona kwa mbali. Natumia laptopu yenye NVDA, ile programu ya bure inayosoma vilivyopo kwenye skrini kwa sauti, na mausi sijaishika tangu niko chuo, kila kitu nafanya kwa kibodi. Imeili najibu, ripoti naandika, Eksel naichambua kuliko baadhi ya wenye macho niliofanya nao kazi. Nasema mapema kwa sababu najua kuna watu watakuja hapa na "pole sana mkuu". Pole sizitaki, nataka faili linalofunguka.

Sasa iko hivi. Usaili nimefaulu, Jumatano asubuhi ikaingia imeili ya barua ya ajira, irudi na saini kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Nafungua, ndani hamna kitu zaidi ya mistari miwili kwamba ujumbe umelindwa, ni kwa mlengwa tu, bonyeza hapa usome. Haya, nikabonyeza. Ukurasa unataka namba ya kuthibitisha, inatumwa kwenye imeili hiyohiyo na inakufa baada ya dakika 15. Mwenye macho dakika 15 anamaliza na chai juu. Mimi narudi kwenye imeili, naitafuta, naisikiliza tarakimu moja moja, narudi kwenye ukurasa nakuta umejirifreshi wenyewe na sehemu ya kuandikia siipati tena, napiga Tab naambiwa "kitufe", Tab tena "kitufe", Tab tena "kitufe". Kitufe cha nini sasa? Aliyetengeneza hakuvipa majina. Nikabahatisha cha tatu, kumbe ndio cha kuomba namba mpya, ile niliyoikariri ikawa haina kazi. Niliingia mara ya nne aisee, na hapo nimeshalowa jasho kama nimebeba magunia.

Ndani kuna PDF ina nywila, tarakimu nne za mwisho za simu yangu. Hiyo haina shida, nikaandika likafunguka, halafu nikaambiwa kwa sauti kabisa kwamba mipangilio ya usalama ya hili faili hairuhusu programu saidizi kulisoma. Kimya. Mshale chini, kimya. Kukopi nipeleke kwenye Notipadi, imezuiwa. Nikabonyeza Insert na R, hiyo inaipiga picha ile sehemu inayoonekana kwenye skrini na kukisia maandishi yake, ikanisomea vipande vipande na Kiswahili inakivunja vibaya, nafika kwenye mshahara nasikia "tisini na tano, herufi O, koma, O, O, O". Wakuu, ungesaini mkataba wa namna hiyo? Ni laki tisa na nusu, ni elfu tisini na tano, au kuna tarakimu imeliwa huko katikati?

Kuna ile programu ya simu unampigia video mtu wa kujitolea anakusomea, nzuri sana kujua maziwa yameisha muda lini, lakini mtu nisiyemjua yuko sijui nchi gani aanze kunisomea akaunti yangu ya benki? Hapana.

Ijumaa saa nane nikaweka faili kwenye flashi nikaenda steshenari ya karibu na stendi. Dogo wa watu hana kosa kabisa, kalifungua na kusoma kwa sauti kubwa maana mashine ya fotokopi inapiga kelele na nje makonda wanaita abiria. "MSHAHARA WA MWEZI SHILINGI LAKI TISA NA NUSU." Nyuma yangu mama mmoja aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa akasema hongera mwanangu, hiyo si haba. Foleni nzima ikaelewa. Ikafuata akaunti, ikafuata bima, kikafuata kipengele kinachoelezea ulemavu wangu. Nikasaini. Nimefika nyumbani ndio nakumbuka dogo alilihamishia kwanza kwenye kompyuta yake ndio akalifungua. Nimempigia anasema kashafuta. Nitahakikishaje?

Sasa wale wa IT mliomo humu nisikilizeni vizuri, maana nimeshajibiwa "ndio utaratibu wa usalama" na nimeukataa. PDF unapoifunga unaweza kuzuia kuprinti, ukazuia kukopi, ukazuia kuhariri, na ruhusa ya visomaji skrini ni KISANDUKU CHAKE PEKE YAKE, unazuia vyote hivyo na kile unakiacha na tiki. Ukizuia kukopi na kusoma kwa sauti nako kunazuiwa, hayo ni mambo ya ule usimbaji (njia ya kulifunga faili) wa zamani wa biti 40, tuko wapi leo? Toleo la PDF 2.0 la mwaka 2017 limesema ruhusa hiyo iachwe wazi muda wote. Hata SharePoint, ile ya Microsoft ya kutunza na kugawana mafaili ofisini, ukiwasha ulinzi wa mafaili kuna pa kutiki ili kisomaji skrini kifanye kazi kwenye faili lililopakuliwa. Tiki moja! Na huo ulinzi wenu unamzuia nani hasa, wakati mwenye macho anatoa simu mfukoni, anapiga picha skrini, anarusha kwenye grupu la ukoo?

Sheria sitaki kuzichambua, wanasheria watakuja, ila Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010 na ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, na sijaona panaposema kipofu taarifa zake zisomwe stendi.

Nilimpigia dada wa rasilimali watu, nikamuongelesha kistaarabu kabisa, dada yangu naomba faili lisilo na hicho kizuizi, nywila acheni ileile. Akauliza, "Kwani kaka hapo nyumbani huna mtu wa kukusomea?" Nikamwambia nyie ndio mmeandika ni ya mlengwa tu. Akasema atanisaidia. Baada ya dakika kumi WhatsApp ikalia, nafungua, simu inasema "picha". "Picha". "Picha". Kapiga picha barua nzima kurasa tatu kanitumia, haina nywila, haina kizuizi, haina namba ya kuthibitisha. Na siwezi kuisoma.

Leo asubuhi imeingia imeili nyingine, fomu ya afya, irudi kesho kutwa. Ujumbe umelindwa, ni kwa mlengwa tu. Nimeshaingia, nywila ni ileile, na kimya ni kilekile.

Kuna mtu humu anajua niongee na nani hapo IT kwao na nitumie maneno gani wanielewe? Dogo anafungua saa mbili.